Udongo Mbichi kwenye Jembe

Habari hii niliisikia kwa Cornelia, mke wa Polikarp, tukipepeta ulezi nyumbani kwake Kasense, mwaka niliojifungua mtoto wangu wa pili. Yeye alikuwa ndani ya mstari wa walimaji siku Zenon alipoanguka. Yale ya ndani ya nyumba aliambiwa na Kalista, mke wa Zenon, siku nyingi baadaye, walipokuwa hawana tena wa kumwogopa. Ilikuwa Kwaresima, miaka michache baada ya vita ya Hitla, jumbe akiwa Alois.

Siku hiyo walilima shamba la Wilibrodi, kaka yake Zenon. Ilikuwa kazi ya pombe: mwenye shamba anapika, watu wanakuja na majembe yao, jua likizama wanakunywa. Walikuwa wanapiga ntumba, yale matuta yetu ya mviringo. Unakata udongo pamoja na nyasi zake, unageuza nyasi ziangalie chini, unapanga vipande kwa kuzunguka mpaka lundo linafika magotini, nyasi ziozee humo ndani. Ni kazi inayokula kiuno, maana mwezi wa tatu udongo umelowa na nyasi zimeushika kwa mizizi.

Zenon ndiye aliyewekwa kichwani mwa mstari siku zote, ili wengine wamfukuze. Alianza kwa kuimba kama kawaida yake. Jua lilipopanda akaacha kuimba. Baadaye wa pili wake akampita, kisha wa tatu, na watu wakaanza kutazamana.

"Zenon," Polikarp akaita, "hilo tuta unalilima au unalichumbia?"

Watu wakacheka. Zenon hakucheka. Alikuwa amesimama ameegemea mpini, jasho linamtoka na huku ngozi yake imesimama kama ya mtu aliyeoga kisimani alfajiri. Akainua jembe, likashuka lenyewe bila kukata kitu. Akakaa chini, na kukaa kule kukaishia kulala.

Walimkokota hadi kando ya shamba wakampa maji. Wilibrodi akachuchumaa karibu naye.

"Unaumwa wapi, mdogo wangu?"

"Siumwi."

"Mikono?"

"Mikono haina kitu. Nimekwisha tu, kaka. Leo nimeamka nimechoka."

Kuchoka jioni ni kwa kila mtu. Kuamka umechoka ni habari nyingine, na kila mtu mzima pale alikuwa amesikia tangu utotoni juu ya watu wanaochukuliwa wakiwa wamelala, wakalimishwa shamba la mwenzao usiku kucha, wakarudishwa kitandani kabla jogoo hajawika. Anayefanyiwa hivyo hakumbuki chochote. Mwili wake ndio unaokumbuka.

Hakuna aliyelitamka neno uchawi. Polikarp aliokota jembe lake, akarudi mstarini, na hakufanya mzaha tena siku ile.

 

Asubuhi ya pili yake Kalista aliweka uji karibu na mumewe.

"Ondoa. Ni Kwaresima."

"Mkatekista Oswaldi alitangaza kanisani, wanaolima hawabanwi."

"Oswaldi anashika chaki. Mfungo wa nusu ni wa watoto na wagonjwa. Mimi ni mgonjwa?"

Kalista akauondoa uji. Tangu Jumatano ya Majivu mumewe alikuwa hatii kitu kinywani mchana, wala maji, anakwenda shambani hivyo hivyo, kisha jioni anakula kidogo kwa sababu tumbo limekwisha kujikunja. Alijivuna kwa hilo. Hakulisema, lakini alitembea kama mtu anayetaka aulizwe.

Akatoka nje kuchukua jembe, akarudi nalo ndani.

"Kalista, hili jembe nililiosha juzi."

"Sikukuangalia, baba."

"Nililiosha. Nililisugua na mchanga. Jana nililiacha kwa Wilibrodi, jioni wakaniletea, ukaliegemeza ukutani. Sasa tazama hapa." Akaingiza kidole pale mpini unapoingia kwenye chuma, akatoa udongo mweusi wenye ncha ya jani. "Huu ni mbichi. Jana shamba la kaka ni udongo mwekundu. Mweusi huu umetoka wapi?"

Kalista aliinama akapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Alijua umetoka wapi. Ulitoka bondeni, kwenye shamba la mama yake, Luciana, aliyekaa nyumba ya pili kutoka yao. Luciana alikuwa mjane, nyonga yake mbovu, na mwanawe wa kiume, Beda, alikuwa amekwenda kukata mkonge Tanga na hakutuma hata salamu. Mwanzo wa mvua Kalista alimwomba mumewe ruhusa ya kwenda kumlimia mama. Zenon akasema nguvu za mke wake zinaishia kwenye mpaka wa shamba lake. Luciana ana mwana, amsubiri mwanawe. Basi Kalista akawa anaamka kabla ya jogoo, anachukua jembe la mumewe, maana lake lilikuwa limelika likabaki kama kijiko, anapiga matuta kwa mama mpaka kunapopambazuka, anarudi na mtungi wa maji kichwani kama mtu aliyetoka kisimani. Mumewe alilala kama gogo. Kila siku alilipangusa jembe kwa nyasi. Siku hiyo alisikia kikohozi, akaharakisha.

Angesema wakati ule, angepigwa na kurudishwa kwa mama yake, na mama yake hakuwa na chakula cha wawili. Hakusema.

 

Kuanzia hapo Zenon alianza kulinda. Jioni alimwaga majivu mlangoni ili aone nyayo. Asubuhi alikuta za mkewe, zikitoka. Lakini mke hutoka kwenda kisimani, kwa hiyo majivu hayakumwambia kitu. Akaliingiza jembe uvunguni mwa kitanda. Sasa Kalista hakuweza kulichukua, akawa anatumia lile lake bovu, na asubuhi jembe la Zenon likawa kavu.

"Umeona," Zenon akamwambia Wilibrodi. "Wamejua kwamba nimejua."

"Na uchovu je?"

"Umezidi."

"Na jembe ni kavu?"

"Labda sasa wananilimisha kwa mikono."

Wilibrodi akamtazama viganja. Vilikuwa vigumu kama vya mkulima yeyote, havina lengelenge. Lakini aliogopa kulisema hilo, kwa sababu mdogo wake alikuwa amekonda na mashavu yameingia ndani, na mtu aliyekonda hivyo huwezi kumbishia.

Kisha Zenon akaacha chakula cha mkewe. Kalista akileta ugali, anasema ameshiba. Halafu anakwenda nyuma ya nyumba kuchoma muhindi mmoja alioukata mwenyewe, anautafuna amesimama. Usiku alijilazimisha kukaa macho, akijifinya mapaja, na usingizi ulimshika karibu na jogoo, saa ile ile ambayo Kalista anaamka. Shambani kwake akawa anapiga tuta moja, anakaa. Anasimama, giza linamjia machoni, anakaa tena. Kila alipokaa aliangalia bondeni, kwenye shamba la mama mkwe wake. Matuta yalikuwa yanaongezeka.

Yeye ndiye aliyeanza kuyaangalia, na wengine wakaangalia anakoangalia.

"Yule mama na nyonga ile," wakasema kisimani. "Nani anamlimia?"

"Muulizeni."

"Ameulizwa. Anasema analima mwenyewe."

Na kweli Luciana alikuwa akijibu hivyo. "Nimelima mwenyewe," basi. Alijua kwamba akimtaja binti yake, ndoa inakwisha. Jumapili kanisani alipokaa kwenye mkeka, wanawake wawili waliokuwa hapo walikumbuka kwamba wanataka kukaa mbele. Alimsalimu mke wa Wilibrodi njiani, yule akainama kufunga kanga ambayo haikuwa imefunguka. Mtoto wa jirani, aliyekuwa anapenda kuja kupewa karanga, aliitwa na mama yake kutoka mbali, kwa jina lake lote la ubatizo. Luciana akala zile karanga mwenyewe. Kisha akatoa shuka la zamani, akaanza kufunga mzigo kidogo kidogo: sufuria, kanga ya pili, mbegu za ulezi ndani ya kibuyu.

"Mama, unafanya nini?" Kalista akamuuliza.

"Nina kaka kule Mpui. Sitaki kufungishwa mzigo na watu. Bora nijifungie."

"Nitasema."

"Useme nini? Usemapo hilo, tutakwenda Mpui wawili, na mke wa kaka yangu hatapenda hata mmoja. Kaa na mume wako."

 

Jumapili iliyofuata, baada ya sala, jumbe Alois aliita watu uani kwake. Kwa heshima ya ukwe Zenon hakuweza kumtazama Luciana wala kumsemesha, kwa hiyo alikaa amempa mgongo, na kaka yake ndiye aliyemsemea.

"Kabla hujaanza," jumbe akasema, "lile neno msilitaje hapa. Boma wana sheria yake. Anayemtaja mwenzake anafungwa, na jumbe aliyekaa akasikiliza naye anafungwa. Semeni mengine."

Wilibrodi akakohoa. "Basi nasema mengine. Mdogo wangu anachoka. Amekula hajala, anachoka. Amelala hajalala, anachoka. Na kuna shamba bondeni linalimika. Mimi sisemi zaidi."

"Mama Beda," jumbe akauliza, "shamba lako analima nani?"

"Nalima mwenyewe, baba."

"Simama."

Luciana akasimama, akishika ukuta. Ilimchukua muda. Watu waliona alivyosimama, na wanaume wakaangalia vidole vyao vya miguu.

"Haya, kaa. Nasikia una kaka Mpui. Sikufukuzi. Nasema kabla ya Pasaka ungekwenda kumsalimu. Ukae huko, watu wapumue."

"Mzigo wangu uko tayari," Luciana akasema.

Kalista alikuwa nyuma, kati ya wanawake. Cornelia alimsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia kwenye maji ya baridi.

"Jembe nililichukua mimi," akasema.

Jumbe akageuka. "Nani anasema huko?"

"Mimi Kalista, jumbe. Shamba la mama nalima mimi, alfajiri, kwa jembe la baba huyu. Hakuna mtu mwingine."

Zenon hakugeuka. Alisema akiangalia mbele: "Anamkinga mama yake."

"Shemeji," Wilibrodi akasema taratibu, "tunakuelewa. Mama ni mama. Lakini usijibebeshe."

"Nendeni mkayaone matuta."

"Matuta ni matuta."

Hapo Cornelia akasema: "Si kweli, shemeji. Tuta la Kalista nalijua mimi."

Kalista alishika jembe kwa kushoto. Ndiyo sababu kwenye mistari ya kazi aliwekwa mwisho kabisa, ili jembe lake lisigongane na la jirani, na jirani huyo siku zote alikuwa Cornelia. Anayelima kwa mkono wa kulia huzunguka tuta upande mmoja, na vipande vyake vya udongo vinalaliana vyote upande huo, kama majani ya paa. Anayelima kwa kushoto huzunguka kinyume. Ukitazama haraka huoni.

"Nimelima ubavuni mwake kila mwaka tangu aolewe," Cornelia akasema. "Amenikata kidole gumba cha mguu. Mkono ule siwezi kuusahau."

"Kidole kipo?" Polikarp, mume wake, akauliza.

"Kipo, lakini kinaangalia kwingine."

Watu wakacheka kidogo, kwa pua. Jumbe akachukua fimbo yake, na wote wakateremka bondeni.

 

Hawakuingia shambani mara moja. Walisimama kwenye mpaka kana kwamba matuta yangeweza kusema. Polikarp ndiye aliyeingia kwanza, akachuchumaa kwenye tuta la karibu, akapitisha kiganja. Akaenda la pili. La tatu.

"Kushoto," akasema.

Jumbe naye akainama akashika. Wilibrodi akashika. "Yote?" jumbe akauliza.

"Yale ya pembeni kule ni ya mtu wa kulia, na ni madogo," Polikarp akasema. "Hayo labda ni ya mama mwenyewe. Haya mengine yote ni kushoto."

Zenon alikuja wa mwisho, akitembea polepole. Aligusa tuta, akazungusha mkono kufuata vipande vilivyolala. Alikuwa anaufahamu mkono huo kuliko Cornelia. Shamba lake mwenyewe lilikuwa limejaa matuta kama yale. Alikuwa ameyaangalia haya kutoka juu siku zote hizo na hakushuka hata mara moja kuyatazama.

"Kama ni wewe," akamwambia mkewe, "mbona mimi ndiye ninayechoka?"

Watu wakamwangalia Kalista. Lilikuwa swali zuri, na wengine walifurahi kwamba limeulizwa.

Kalista akafungua viganja vyake. Malengelenge mengine yalikuwa yamekauka, mengine yanatoa maji. "Nami nachoka," akasema. "Naumwa hapa, na hapa kiunoni, na mabega. Nikila nikalala, naamka mzima. Wewe unaumwa wapi?"

"Nilikwisha sema. Siumwi popote."

"Ukikaa, uchovu unakutoka?"

"Haunitoki."

Luciana alikuwa amefika kwa kukokota mguu, akaketi kwenye tuta akimpa mkwe wake ubavu. Akasema na binti yake, kwa sauti ya kutosha.

"Kalista, muulize huyo baba, magoti yanatetemeka akiwa amesimama tu?"

Kalista akamtazama mumewe. Zenon akaitikia kwa kichwa.

"Muulize, anaona giza akiinuka? Jasho linamtoka na mwili ni baridi?"

Wilibrodi akasema, "Ndivyo alivyokuwa siku ile kwangu."

"Basi mwambie, mwaka wa nzige sote tulichoka hivyo. Walikuja kutoka bondeni Rukwa wakala mpaka nyasi za paa. Baba yako alikuwa anainua jembe linashuka lenyewe. Hatukumlimia mtu usiku. Tulikuwa na njaa."

Wakubwa waliokuwa pale waliukumbuka, na kwa muda hawakumwogopa. Jumbe Alois mwenyewe alikuwa kijana mwaka ule wa nzige. Alijishika goti, kama linamuuma.

"Anakula nini huyu?" akauliza.

"Mchana hali, kwa sababu ya Kwaresima," Kalista akasema. "Jioni hali, kwa sababu yangu."

Jumbe alipiga piga fimbo yake kwenye udongo. Hakusema kwamba Luciana asiende Mpui, wala hakusema aende. Alisema, "Zenon, nenda ukale," akapanda zake mlimani, na watu wakamfuata wawili wawili. Wengine walikuwa tayari wanasema kwamba mtu anaweza kutumia kushoto kwa makusudi.

 

Jioni Kalista alisonga ugali wa ulezi, akapika maharage, akaweka mbele ya mumewe. Zenon aliukata ugali kwa jicho.

"Anza wewe."

Kalista akamega, akachovya, akala. Akamega upande wa pili, akala na hapo. Mumewe alisubiri, kisha akanawa. Alikula tonge la kwanza kama mtu anayetafuna mchanga. La tatu alimeza bila kutafuna. Alipokaribia mwisho wa sahani jasho likamtoka puani, jasho la moto safari hii, akaegemea ukuta akapumua.

"Siku zote hizo unaamka na mimi sisikii," akasema.

"Husikii."

"Mwanamke anayeweza kutoka hivyo, anaweza kwenda kokote."

"Nilikwenda bondeni. Umepashika."

"Bondeni nimepashika. Kwingine sijapashika."

Kalista akaanza kukusanya vyombo. "Mwanzo wa mvua nilikuomba ruhusa," akasema. "Ungenipa, nisingetoka kwa kunyata."

Kwenye sahani lilibaki tonge moja, Zenon akalichukua.

"Uji utakuwepo asubuhi," Kalista akasema.

"Ni Kwaresima."

"Utakuwepo."

Zenon aliinama, akaingiza mkono uvunguni, akalitoa jembe. Akalipima mkononi, akatoka nalo, akaliegemeza nje karibu na mlango, mpini ukiwa upande wa kushoto, upande wa mkono wa Kalista. Aliporudi hakumwangalia mkewe. Alijilaza, na kabla Kalista hajafunika moto alikuwa anakoroma. Kalista alilala ubavuni mwake na viganja vyake amevifungua juu, kwa sababu vilikuwa vinawaka, na usingizi ukamchukua hivyo.

Nyumba ya pili Luciana alikuwa bado ameketi. Alisikia mkoromo wa mkwe wake kupitia ukuta wa miti na udongo, mzito, wa mtu aliyeshiba. Alisikiliza kama kuna hatua za binti aliyerudishwa zinakuja. Hakukuwa na hatua. Akausogeza mzigo, akalegeza fundo moja tu, akavuta mkeka kutoka ndani yake, kisha akalikaza tena lile fundo. Akatandika mkeka, akauweka mzigo chini ya kichwa, ukiwa umefungwa vile vile, akalala.